Sweta la Kompyuta ya Mama

Juzi nilianika sweta la mwanangu kwenye kiti karibu na jiko la mkaa, nikalisahau. Harufu ya sufu iliyopata moto ilinikuta chumba cha pili, na kabla sijakumbuka sweta nilikuwa nimeshasimama, macho yanatafuta kompyuta. Nyumbani kwangu hakuna kompyuta ya mezani. Nilienda nikaligeuza lile sweta, nikakaa, nikasimama tena. Siku nzima sikutulia. Harufu ile naijua, na kila inaponijia inanirudisha Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwenye kiangazi ambacho mashine ya mama ilikataa kwenda.

Chumba cha mama kilikuwa katika safu ya vyumba vya mabati vinavyotazama barabara ya mpakani. Ndani mlikuwa na meza moja, kompyuta, printa, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikilia kama mbuzi, na benchi la wateja. Watu walikuja kuchapiwa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, ratiba za maziko. Wakongo walileta karatasi zilizokunjwa mara nyingi mfukoni, wakataka zitolewe kopi kabla hazijakatika. Nje bodaboda hazikunyamaza, na wabadilisha fedha walikaa kwenye viti vya plastiki wakiwaita wapita njia. Mimi sikukaa popote. Nilikuwa mtoto wa kusimama mlangoni, nikitazama nje na ndani kwa zamu, na nilitaka kujua kila mtu amekuja kufanya nini.

Mama alijifunza kupiga taipu mjini Kasese kabla hajaolewa. Alipoolewa alipanda Bwesumbu, mlimani, akalima kahawa na mama mkwe wake kwa miaka, kisha akateremka Bwera pamoja nami kufungua kile chumba. Bibi hakupenda. Alisema kwa kila aliyemsikiliza kwamba mke wa mwanawe ameacha kahawa inadondoka chini, amekwenda kugongagonga vidole mezani. Baba alikuwa kati yao. Alinunua samaki Kasenyi, ziwani, akawauza Kasese, na alipokuja kwetu mwisho wa wiki alikuja na harufu ya ziwa na maneno machache. Mwanzoni mwa muhula ule alisema, akiwa anavua viatu, "Mbambu, chumba hiki kisipojibeba mpaka muhula uishe, tunafunga. Mnarudi mlimani." Mama alimsikiliza bila kuinua kichwa. Aliendelea kukata picha za pasipoti kwa wembe, moja moja, kwa mstari ulionyooka.

Kwa hiyo Bibi alipokuja mwenyewe siku moja ya soko, akapita mlango ambao alikuwa ameapa hataupita, mama aliinuka kwa haraka hadi kiti kikaanguka. Bibi alikuwa na mfuko wa matunda ya pasheni, na chini ya matunda mlikuwa na sweta. Si la mtu. Wiki kadhaa nyuma alimtuma baba na nyuzi za maganda ya migomba, apime lile sanduku la kompyuta linalosimama kando ya meza: urefu, upana, na pale penye kitufe cha kuwashia. Baba alipima bila kuuliza. Na sasa lilikuwa limefumwa kwa sufu nzito ya bluu iliyokolea, yenye mistari ya manjano, pamoja na tundu la kitufe lililozungushiwa uzi vizuri kama tundu la kifungo cha koti. Nyuma kulikuwa na vifungo.

"Kitu kinacholisha watu hakikai uchi," Bibi alisema.

Aliyetoka mlimani angemwelewa. Bwesumbu ukungu unaingia ndani kama mgeni. Redio ya Bibi ilikuwa na nguo yake, chupa ya chai ilikuwa na nguo yake, hata mashine ya kusaga kahawa ilifunikwa jioni. Kilichoachwa wazi kiliota kutu au kilikufa. Alipiga magoti akaivisha mashine ya mama mwenyewe, ikiwa inaunguruma, akafunga vifungo vyote hadi cha mwisho, akaipapasa begani. Mama alishukuru kwa Lhukonzo, "Wasingya, mama. Wasingya," na nilipomtazama macho yake yalikuwa na maji. Kwa mara ya kwanza nilimwona Bibi akikaa kwenye benchi la wateja, akinywa soda, akiwatazama wanaoingia kana kwamba chumba ni chake.

Siku iliyofuata kompyuta ikaanza kujikokota.

Asubuhi iliamka vizuri. Lakini jua lilipopanda juu ya mabati, mama aliandika neno na neno halikutokea. Alingoja. Kisha herufi zilikuja zote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamezuiliwa getini. Kile kiduara cha kungojea kilizunguka katikati ya skrini, kikazunguka, na nilijikuta nazungusha kidole changu hewani nikikifuata. Mteja aliyetaka barua moja alikaa mpaka akasinzia. Mama aliizima, akaiwasha, ikakimbia kidogo, ikalala tena. Na chumba kilijaa harufu ile: sufu yenye moto, na ndani yake moshi wa jiko la Bibi.

Huo ndio wakati kazi ya mitihani ilipokuja. Mwalimu mkuu wa shule yangu, kwa niaba ya shule kadhaa za pale, alimletea mama mitihani ya kufunga muhula ya madarasa yote ili aichape na kuitoa. Ilikuwa kazi ya kukibeba chumba kizima, na mama alijua. Lakini kwa kuwa darasa langu lilikuwemo, mama alinipiga marufuku kuvuka kizingiti wakati akichapa. Niliwekewa dumu tupu la maji nje ya mlango nilikalie. Sikulikalia. Nililizunguka.

"Madamu Mbambu," mwalimu mkuu alisema alipokuja kuangalia, "nimekuja kuchukua, nakuta bado darasa la pili."

"Mashine inasumbua kidogo, mwalimu."

"Kasese kuna mashine ambazo hazisumbui." Alilitazama lile sanduku la bluu, akalitazama tena. "Na hii imevaa nini? Inaumwa?"

"Ni zawadi," mama alisema.

Ndipo alipoitwa fundi kutoka Kasese, kijana mrefu aliyeitwa Kule, mwenye mkoba wa bisibisi na maneno yasiyoisha. Alikaa, akachezesha kipanya, akabinua midomo. Alianza na virusi. Alichomeka flashi yake, akasafisha, na kweli virusi vilikuwemo, vimeletwa na flashi za wateja. Kisha akaondoa picha za zamani na nyimbo ambazo mama hakujua zilikotoka. Mashine ikawa vilevile. Kisha akasema anataka kuona ndani, akafungua vifungo vya sweta, akalivua, akaling'oa bamba la ubavuni na kupuliza vumbi. Akaiwasha ikiwa uchi hivyohivyo. Ikaruka. Mama aliandika mstari mzima, na herufi zilikuja moja baada ya moja, papo hapo.

"Unaona?" Kule alisema. "Ni hii nguo. Mashine inashika joto, madamu. Ikishika joto inajipunguza mwendo yenyewe, isiungue. Hapa si Bwesumbu. Toa sweta, maliza kazi yako."

"Haliwezi kutolewa."

"Limeshonewa?"

"Ni la mama mkwe wangu."

Kule aliliokota sweta, akalikung'uta vumbi. Alikuwa Mkonzo kama sisi na hakuhitaji kuelezwa uzito wa zawadi ya mama mkwe. Alisema, kwa sauti ya chini, "Basi tutafute njia nyingine," na wote wawili wakaanza kutafuta kila njia isipokuwa ile waliyoijua. Waliweka feni kubwa ikipuliza moja kwa moja. Karatasi zikaruka hadi barabarani. Waliliinua sanduku juu ya matofali. Kule alipendekeza kulitoboa sweta nyuma, mama akamtazama mpaka akarudisha mkasi mkobani. Alipoondoka sweta lilikuwa limevishwa tena, na mashine ilikuwa imelala tena.

Mimi niliona yote kutoka mlangoni, na nilikata shauri. Maelezo ya joto sikuyaamini hata kidogo. Kila nilichokijua kilikwenda kwa joto. Chai, chapati, gari la asubuhi ambalo dereva aliliacha lingurume kwanza ndipo liondoke. Mlimani ni baridi iliyogandisha vidole, si joto. Kwa hiyo fundi alikuwa ama anadanganya, ama anaficha jambo asilotaka mtoto alisikie. Nilipanga ushahidi wangu kichwani kwa mfuatano. Bibi hakutaka tukae Bwera. Baba amesema chumba kikishindwa tunarudi. Bibi ameleta sweta. Sweta likivishwa, mashine inalala; likivuliwa, inaamka. Na mama, ambaye ameona haya kwa macho yake, hawezi kulivua. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha zaidi. Niliamini sweta limemfunga mikono.

Jirani yetu hakunisaidia. Mama Kavira alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akauza vitenge chumba cha pili, na alikuwa na mdomo wa kupenda kuuma.

"Ile triko iko na maneno," alimwambia mama, ameegemea mlango, akilionyesha sweta kwa kidevu. "Kwetu, mama mukwe akikupatia nguo, unavaa, unanyamaza. Lakini kuvalisha masini? Hiyo mi sijaona."

"Ni upendo tu, Mama Kavira."

"Upendo, ndiyo. Upendo iko inakufungisha kazi." Alinigeukia. "Weye mutoto, sikio yako iko mukubwa kuliko kichwa. Nenda kule."

Nilikwenda hatua chache, nikarudi.

Mtu atauliza kwa nini mama hakulivua kimya kimya, Bibi yuko mbali mlimani. Alijaribu. Asubuhi mapema, kabla barabara haijachangamka, alifungua vifungo vya chini na kulipandisha sweta juu kidogo, kama mwanamke anayepandisha nguo kuvuka mto, akachapa haraka haraka. Lakini habari za sweta zilikuwa zimeshapanda mlima. Wanawake wa Bwesumbu waliokuja sokoni walipita makusudi kuiona kompyuta iliyovikwa, wakaishika, wakasifu mistari ya manjano. Mmoja wa kanisani kwa Bibi aliikuta imepandishwa nguo. Siku hiyohiyo baba alipigiwa simu, naye akampigia mama. Bibi alikuwa amesema hivi tu: kama halifai, nirudishiwe. Mama aliposikia aliketi muda mrefu amelishika lile pindo. Kisha akalishusha, akafunga vifungo vyote, na tangu hapo hakuligusa tena.

Usingizi wangu ulikuwa wa kukatika. Nilimsikia mama akijigeuza upande wa pili wa pazia. Mchana alichapa herufi kwa herufi, akingoja kiduara, midomo ikitembea bila sauti, na madarasa yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko yaliyokwisha. Mwalimu mkuu alikuja tena, akasimama bila kukaa. Alisema anasikitika, lakini yasipokamilika kufikia jioni ya siku ya soko, atachukua yote na kuyapeleka Kasese. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angefoka.

Siku ya soko ilifika. Kufikia saa nne mabati yalikuwa yanatoa mlio wa joto, na kwenye skrini kiduara kilizunguka juu ya swali lililokatika katikati. Mama alikuwa ameacha hata kubonyeza. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imetulia, na sikuwahi kuiona imetulia namna ile. Na hapo, kati ya bodaboda na mabeseni ya ndizi, nikamwona Bibi anakuja.

Aliingia. Alisalimia. Mama aliinuka, akamfutia benchi, akaniambia nikanunue soda. Sikwenda. Nilivuka kizingiti nilichokatazwa, nikasimama mbele ya Bibi, na swali likatoka lenyewe.

"Bibi, sweta ulilifuma ili turudi mlimani?"

Mama aliita jina langu, "Biira," mara moja, kwa sauti niliyoijua. Mama Kavira alikuwa mlangoni na kitenge begani, akasahau kukikunja.

"Nani amekwambia hivyo?" Bibi aliuliza.

"Hakuna. Nimeona. Likivuliwa mashine inakimbia. Likivishwa inalala. Na jioni mwalimu anachukua kazi."

Bibi hakunitazama mimi. Alimtazama mama. "Ni kweli?"

"Inashika joto kidogo tu, mama. Si kitu."

"Nimeuliza kama ni kweli."

Mama aliinamisha macho kwenye kibodi. "Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolivisha."

"Na umenyamaza."

"Ningesemaje, mama? Ulikuwa umekuja."

Nakumbuka kelele za nje zilivyoendelea kana kwamba hakuna kitu. Mtu alikuwa akibishana kuhusu kuku. Bibi alikaa bila kusogea, mdomo umebana. Nilijua amekasirika. Sikujua amemkasirikia nani, na nilianza kuhesabu njia za kukimbilia. Kisha alipiga magoti kando ya lile sanduku, kwa shida kwa sababu ya goti lake la kulia, akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua sweta na kuliweka mapajani.

"Nipe huo wembe wa picha," alisema.

Mama alielewa kabla yangu. Alimshika mkono. "Usilifumue. Tutaivisha usiku. Tafadhali. Mchana tunavua, usiku tunavisha."

"Usiku wa Bwera una baridi gani?" Bibi aliutoa mkono wake taratibu. "Sweta likimbana mtoto, linafumuliwa. Hatukati mtoto. Leta wembe. Na wewe andika, jioni si mbali."

Mama hakuandika. Alisimama na wembe mkononi, na Bibi akamngoja. Mwishowe alimpa. Bibi alikata fundo la shingo, akapata ncha ya uzi, akavuta. Mstari wa kwanza ulikwenda kwa sauti ndogo ya kukwaruza, kisha wa pili. Uzi ulikuja umejikunja kunja, na alianza kuuzungushia vidole viwili. Nyuma yake kiduara kilitoweka, na swali lililokatika likamalizika lenyewe kwenye skrini. Mama alikaa. Akaweka mikono yake kwenye kibodi.

Halafu akakumbuka kwamba nipo. "Biira, nje. Hili ni la darasa lako."

Sijawahi kufukuzwa mahali nikaumia kiasi kile. Nilikwenda nikasimama mlangoni, na Mama Kavira, ambaye hakuwa na mtihani wa kufanya, alipita akaketi benchini kama mwenye nyumba. Alifunga mlango nusu kwa mguu. Nilibaki na masikio tu. Nilisikia vidole vya mama, sasa vikikimbia kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Nilisikia printa ikivuta karatasi. Baadaye nilimsikia Bibi akiuliza, "Na hapo umeandika nini?" Mama alisoma kwa Kiingereza, kisha akatafsiri kwa Lhukonzo kwa sauti ya chini mno. Bibi akasema kitu. Mama akacheka, kicheko kifupi cha kushtukizwa, na Mama Kavira akasema, "Eh, huyu mukubwa angekuwa mwalimu." Kisha swali lingine. Nilitia jicho kwenye upenyo wa bawaba, nikaona kisigino cha Bibi na uzi wa bluu ukicheza sakafuni. Nilizunguka nyuma ya jengo kutafuta tundu. Hakukuwa na tundu.

Mwalimu mkuu alikuta mitihani imefungwa kwa kamba, darasa kwa darasa, bado ina joto la printa. Aliipima mikononi, akasema muhula ujao ataleta mapema zaidi. Akatazama sanduku lililo uchi, akatazama mpira mkubwa wa sufu kwenye mapaja ya Bibi, akaondoka bila kuuliza, na nilimdharau kidogo kwa kutouliza.

Jioni nilitumwa kumsindikiza Bibi hadi kwenye magari ya mlimani. Alitembea polepole kwa ajili ya goti, mpira wa sufu ndani ya mfuko, nami nilimtangulia, nikarudi, nikamtangulia tena. Nilingoja azungumze. Tulipofika alinishika bega ili nisimame.

"Swali lako sijalijibu," alisema. "Nilitaka mrudi. Bado nataka. Kahawa ni nyingi na mikono yangu ni hii. Lakini ningetaka kuua kazi ya mama yako, ningemfumia sweta zuri vile?"

Nilifikiri. Nikasema hapana.

"Basi."

"Na mlikuwa mnasema nini mle ndani?"

Bibi aliingia garini, akajipanga kati ya magunia, akaweka mfuko magotini. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, nilijua, kwa sababu alizoea kulisema hilo mwenyewe alipotaka kutukumbusha tulivyo wavivu.

"Mtihani wenu," alisema. "Mama yako alinisomea. Nimejibu matatu sawasawa."

"Yapi?"

"Utayaona."

Baba hakuzungumzia tena kufunga. Muhula uliisha, mwingine ukaanza, na Bibi akawa anakuja siku za soko, anakaa benchini, anamwambia mama asome alichokiandika. Lakini asubuhi ya mtihani ule hayo yote sikuyajua bado. Nilipewa karatasi, nikaigeuza, nikaona maandishi ya mama. Kulikuwa na swali la udongo wa miteremko, na swali la maharage, na la kuku, na la maji ya kuchemsha, na la nyuki. Karibu kila moja Bibi angeweza kulijibu. Wenzangu walikuwa wameshainama wanaandika. Mwalimu alipita akagonga dawati langu, akasema, "Biira, muda unakwenda," na bado nilikuwa naisoma ile karatasi juu hadi chini, chini hadi juu, nikitafuta yale matatu.